HOA ya mtaa wetu Texas inaweza kuninadia nyumba kwa sababu ya faini?

SWALI: Tumenunua nyumba kwenye kitongoji karibu na Houston. HOA, yaani jumuiya ya wamiliki wa nyumba za hapa, imetuandikia barua: tung'oe kamera ya mlangoni, tutoe kibao cha Ayatul Kursi, tufyeke mchicha tuliopanda mbele ya nyumba, na mdogo wangu anayepanga chumba apeleke maombi ili wao wamkubali kwanza. Tusipotii, faini, na mwisho watauza nyumba. Mume wangu anasema tusiwalipe ada mpaka waache uonevu. Mipaka yao iko wapi?

JIBU: Dada, nianze na shauri la mumeo, maana linanitia hofu kuliko barua yenyewe. Tafadhali lipeni ada. Ugomvi wa kamera mnaweza kushinda mkiwa mmekaa nyumbani kwenu. Deni la ada ndilo linaloweza kuwatoa humo.

Wengi wetu tumesikia kwamba Texas inalinda sana makazi ya familia dhidi ya wadai, na ni kweli. Lakini mwaka 1987, katika kesi ya Inwood North Homeowners' Association dhidi ya Harris, Mahakama ya Juu ya Texas ilisema ulinzi huo hauzuii HOA kudai ada hadi nyumba iuzwe, kwa kuwa masharti ya ada yalikuwa yamefungwa kwenye ardhi kabla wenye nyumba hawajainunua. Mliponunua, mlinunua pamoja na wajibu huo.

Faini ina hukumu nyingine kabisa. Sura ya 209 ya sheria ya mali ya jimbo inaikataza HOA kuuza nyumba pale deni linapotokana na faini tu, au na faini pamoja na gharama za wakili zilizozaliwa na faini hizo. Kwa hiyo kuwatishia mnada kwa sababu ya kamera ni kuwaogopesha bure. Sheria hiyohiyo inapanga pesa yenu iende wapi: kwa kawaida hulipa kwanza ada zilizochelewa, kisha ada ya sasa, na faini husubiri nyuma ya hizo. Kama tayari mmechelewa, ombeni kulipa kwa awamu. HOA yenye viwanja zaidi ya 14 inatakiwa iwe na utaratibu huo, na muda wake hauwezi kuwa chini ya miezi mitatu. Hata nyumba ikishauzwa kwa deni la ada, mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa tangu atumiwe taarifa ya mauzo. Msifike huko.

Sasa barua yenyewe. HOA si serikali. Nguvu yake inatoka kwenye masharti yaliyoandikwa na kusajiliwa kwenye kumbukumbu za ardhi za kaunti. Kanuni ambayo haijasajiliwa huko haina nguvu juu yenu, hata mwenyekiti aipende vipi. Na masharti yakinyamaza, bodi haiwezi kuyasemea. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Tarr dhidi ya Timberwood Park, ya San Antonio. Mwenye nyumba alikuwa akipangisha kwa siku chache chache, HOA ikadai masharti yanaruhusu makazi tu. Mahakama ikajibu kwamba masharti hayakutaja muda wa kupanga, basi HOA isiongeze lake. Wakitaka kuyabadili, wanahitaji asilimia 67 ya kura zote za wamiliki, isipokuwa hati yenyewe imetaja kiwango cha chini zaidi.

Juu ya masharti hayo ipo sheria ya jimbo, na hapo mna silaha nzuri. Kamera ya ulinzi iliyo kwenye eneo lenu wenyewe hawawezi kuizuia. Kibao cha dini kinalindwa pia: marekebisho ya mwaka 2021 yaliupanua ulinzi huo, kutoka mlangoni tu hadi kwenye nyumba na kiwanja, ilimradi kisihatarishe usalama wala kisiwe kwenye eneo la wote. Aya ya Kurani mlangoni mwenu ni haki yenu, na ningewaandikia hivyo kwa adabu bila kupunguza neno. Kuhusu mdogo wako, wanaweza kuomba jina, namna ya kumpata, na tarehe na muda wa pango. Kumkubali au kumkataa si kazi yao, wala hawawezi kudai fomu yake ya maombi au taarifa zake za mikopo.

Kwenye mchicha nadhani wamewapata. Sheria ya Texas inalinda mboji, mapipa ya kuvuna maji ya mvua na mimea inayovumilia ukame. Mboga hazimo katika orodha hiyo. Someni masharti ya bustani, na kama sehemu ya mbele imetajwa, hamishieni mchicha nyuma. Si kushindwa, ni kuchagua pa kupigania.

Andikeni barua fupi mkiwauliza kila dai limesimama kwenye kifungu gani cha hati iliyosajiliwa, kisha ombeni kusikilizwa na bodi. Mna siku 30, zinazohesabiwa tangu barua yao ilipotumwa, wala si siku mliyoifungua. Kabla ya kikao wanatakiwa kuwapa ushahidi wao siku 10 mapema. Wasipofanya hivyo, mnaweza kudai kiahirishwe kwa siku 15. Na ada ya mwezi huu ilipeni kwa njia inayoacha risiti.