Umri pekee hautoshi kuitupa ndege
Ndugu yangu, umesema F-5, ndege za kivita za jeshi letu la Kenya, zitupwe zote kwa kuwa "ni za enzi za babu". Mimi ni fundi wa ndege hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Siku nyingi niko chini ya bawa na tochi na kioo kidogo, natafuta ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa tundu la riveti, ile pini inayoshika mabati ya ndege. Kinachochosha bawa ni saa za kuruka na uzito linaobeba, pamoja na kutu, wala si kalenda pekee. B-52 ya mwisho, ile ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, ilitoka kiwandani 1962, na Wamarekani bado wanazirusha, tena wanapanga kuziwekea injini mpya.

Ila wao wana fedha. F-5 iliacha kuundwa miaka ya 1980, kwa hiyo vipuri vingi hung'olewa kwenye ndege zilizostaafu, na hapo ndipo roho yangu hushtuka, maana rubani anayepaa na F-5 pale kambi ya jeshi la anga Nanyuki ni mtoto wa mtu. Ndege zetu za mizigo za jeshi, Buffalo, zilipochoka tulileta Spartan tatu kutoka Italia kuzirithi, na nilifurahi sana. Sasa tuwaulize wakubwa: kipuri cha F-5 kikikosekana, ndege inalazwa hangani, yaani kwenye banda lake, au inarushwa hivyo hivyo?