Valvu ya mvuke haifungi: je, tuongeze presha ya hewa?

SWALI: Tulihamisha valvu ya DN80 kutoka laini ya maji moto ya bar 2 tukaifunga kwenye mvuke wa bar 10. Hewa inaifungua, springi inaifunga. Diaframu ni sentimita za mraba 700, springi ni 0.2 hadi 1.0 bar (hewa ya 0.2 inaanza kuisogeza, ya 1.0 inafungua yote). Sasa mvuke unapita hata sinyali ikiwa 4 mA, yaani amri ya kufunga kabisa. Muuzaji anasema tupandishe hewa kutoka bar 1.4 hadi 3, na tununue posishona (kifaa kinachogeuza sinyali kuwa hewa ya kusogeza valvu) mpya. Tumsikilize? (Fundi wa ala, kiwanda cha sukari, Morogoro)

JIBU: Msimsikilize. Ushauri huu unatolewa kila siku na unakera. Valvu yenu inafungwa na springi. Ikifika mahali pa kufunga, hewa yote imeshatolewa kwenye diaframu. Hizo bar 3 zitakuwa zinamsukuma nani? Zitawasaidia kufungua, basi.

Pigeni hesabu. Siti (tundu ambalo plagi, yaani kizibo cha valvu, inakalia) ya milimita 80 ina eneo la karibu sentimita za mraba 50. Bar 1 ni N (nyutoni) 10 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo mvuke ukiingia chini ya plagi unaiinua kwa N 5,000. Springi inaanza 0.2 bar: 0.2 × 10 × 700, yaani N 1,400. Kwenye maji ya bar 2 ilihitaji kushinda N 1,000 tu, ndiyo maana kule haikuwasumbua.

Na N 5,000 hazitoshi. Plagi ya chuma lazima ikandamizwe kwenye siti: wekeni N 7 kwa kila milimita ya mzingo, zinakuja kama N 1,760. Pakingi (inayozuia mvuke usivuje kwenye shina la valvu) ya PTFE, yaani tefloni, ipeni N 400 za msuguano. Ya grafaiti inashika zaidi ya hapo. Jumla inakaribia N 7,200. Gawanyeni kwa 7,000 (10 × 700) mnapata 1.03 bar, kwa hiyo tafuteni springi inayoanza kama 1.2 bar. Ikiwa inaishia 2.4, hapo ndipo bar 3 za hewa zinapohitajika, kwa sababu springi imekuwa ngumu. Kabla ya hapo someni kibao cha akchueta (kasha lenye diaframu na springi linalosogeza valvu): kama kasha haliruhusu bar 3, chukueni diaframu kubwa zaidi. Kukaza nati ya springi hakutawafikisha huko. Koili zitagusana kabla valvu haijafunguka yote.

Posishona haiongezi nguvu ya springi hata chembe. Iliyopo ikagueni hivi: wekeni 4 mA, msome geji ya hewa inayokwenda kwenye akchueta. Ikibaki 0.15 bar, inawaibia N 1,050. Hiyo ni kazi ya kurekebisha sifuri, haina gharama.

Kuna njia nyingine ya mkato, mbaya kuliko zote: kugeuza akchueta ili hewa ndiyo ifunge. Mvuke utaacha kupita na kila mtu atafurahi, mpaka siku umeme ukatike, kompresa izime na springi ifungue mvuke wote kuelekea kwenye mtambo. Anayewauzia hilo bila kuuliza valvu inatakiwa ikae wapi hewa ikikosekana ni kanjanja, hata akija na katalogi ya rangi. Vivyo hivyo yule asiyeuliza presha kubwa kabisa wakati valvu imefungwa, au presha ndogo kabisa ya hewa pale kwenye valvu yenyewe. Ya kwenye kompresa haihesabiki.

Mkiweka solenoidi (valvu ndogo ya umeme inayoachia hewa) ya kufunga kwa dharura, iwe kati ya posishona na akchueta, na tundu lake lisiwe dogo. Hewa ya diaframu kubwa ikitoka kwa tundu la sindano, valvu inafunga kwa kujivuta. Chujio na regyuleta ni lazima. Kilainishi cha mafuta, hapana: mafuta yanaziba nozeli ya posishona.

Mkifungua kasha kubadili springi, msilegeze boliti ovyo. Mara nyingi springi zimekandamizwa humo. Kwenye akchueta za springi nyingi mtakuta boliti fupi na ndefu: zianze kutoka fupi, ndefu zilegezwe mwishoni, kidogo kidogo kwa kupokezana, na mtu asisimame juu ya kifuniko.