Maswali ya Wasomaji: Njumu Nyeupe Bila Pembe ya Ndovu

SWALI: Mimi ni mchongaji wa mpingo hapa Masasi, kazi niliyofundishwa na marehemu babu. Mteja ameniagiza kisanduku chenye njumu nyeupe, yaani pambo linalopachikwa ndani ya mbao, na babu aliniachia kipande cha pembe ya ndovu. Je, naweza kukitumia? Kama siwezi, nitumie nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kipande hicho usikitumie. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali, yaani sehemu za miili ya wanyamapori kama pembe na meno, bila kibali, na kurithi si kibali. Kabla hujakihamisha, kamwone ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Jino la kiboko nalo lisikushawishi, maana ni nyara vilevile. Lakini sheria si sababu pekee. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuta tembo wapatao 39,000 katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi, ambao kwa upande wa Liwale ni wetu sisi watu wa kusini, na ile ya mwaka 2013 ikakuta 13,000 hivi. Waliobaki hawapaswi kupungua kwa sababu ya pambo.

Kwa njumu, mimi ningeanza na mfupa wa mguu wa ng'ombe, ambao mchinjaji huutupa. Uchemshe kwa moto mdogo, ukitoa mafuta mpaka yaishe, kwa kuwa mafuta yakibaki huufanya uwe wa manjano. Kisha uuanike kivulini, uukate vipande vyembamba na uupige msasa huku umefunika pua na mdomo, kwani vumbi lake hudhuru mapafu. Ukiuza, andika "mfupa wa ng'ombe" wala usiandike "pembe", neno ambalo kwetu hubeba mambo mawili, pembe ya ng'ombe na pembe ya ndovu, na laweza kumtia mnunuzi mashakani uwanja wa ndege.

Ipo pia mbegu ya mkoche, ambao wengine huuita mkoma: ikikauka huwa nyeupe na ngumu, ingawa katikati ina uwazi, kwa hiyo inafaa vipande vidogo tu. Huko Ekwado mbegu ya tagua, ya jamii hiyo hiyo ya michikichi na minazi, imetengenezewa vifungo vya nguo tangu karne ya 19.

Na usiusahau mpingo wenyewe. Ule ubao wa nje wenye rangi ya maziwa, ambao wachongaji wengi huuchonga na kuutupa, hupendeza sana ukikaa kando ya weusi wa kiini, ila wadudu huupenda, hivyo uukaushe vizuri na kuupaka vanishi. Mchongee mteja kipande cha mfano, aone rangi hiyo kabla hujaanza kisanduku.