Chalbi kwa wikendi kutoka Malindi?

Ndugu, nimekuelewa: mko magari matatu, moja ni Probox (gari dogo la chini, si la mchangani), mnataka kutoka Malindi Ijumaa jioni mkapige kambi jangwa la Chalbi, na Jumatatu muwe kazini. Haiwezekani. Chalbi iko Marsabit, kaskazini kabisa. Wikendi yote itaishia barabarani. Ombeni likizo ya wiki, ama mwanze na vilima vya mchanga vya Mambrui, hapo hapo nyumbani.

Mkienda, Probox ibaki (mwenyewe atanuna, anune tu). Kwenye mchanga punguzeni upepo wa matairi hadi kama psi 18, na mbebe pampu ya kujazia kabla ya kukimbia kwenye lami. Gari likizama usikanyage mafuta, litajichimbia zaidi, shikeni koleo. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, kamwe si bampa, na watu wakae mbali: ikikatika inaua.

Chalbi ni ziwa lililokauka, likinyeshewa ni tope tupu. Ulizeni wenyeji kwanza.

Maji ya kunywa, angalau lita 5 kwa mtu kwa siku. Mtu akianza kuweweseka kwa joto, mmwagieni maji na mkimbizeni hospitali, msingoje asubuhi.