Jibu: Polisi wa mlangoni amemzuia mgonjwa hospitalini, nimshtaki wapi?

Jambo dada, pole sana. Nimeelewa hivi: daktari amemruhusu mdogo wako arudi nyumbani, lakini mtu wa mlangoni anamzuia sababu bili haijalipwa, na komisarya (kituo cha polisi) ya mtaa imekujibu "haituhusu".

Kwanza angalia nguo yake. Hukusema kama ni polisi wa serikali au mlinzi wa kampuni, na njia zinaachana hapo hapo. Mlinzi wa kampuni anashtakiwa kwenye parke ya kawaida, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Polisi hapana: Katiba yetu ya Kongo (DRC) ya 2006, kifungu cha 156, inaweka makosa ya polisi na ya wanajeshi chini ya mahakama za kijeshi. Kaka yangu alipopigwa mlangoni mwa hospitali moja hapa Lubumbashi, nilipanga foleni parke siku nne nzima, ndipo karani akaniambia niende oditora ya kijeshi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa jeshi. Siku nne, na mgonjwa analala sakafuni!

Leo hii mwandikie daktari mkurugenzi umuulize: nani ametoa amri ya kumzuia? Kudai deni si kazi ya polisi. Kwetu swali hilo, likiwa kwenye karatasi, ndilo lililofungua mlango.

Fanya nakala mbili, ya kwako ipigwe muhuri na tarehe. Andika jina la huyo polisi, cheo chake, na saa. Nakala nyingine ipeleke Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Bili usiikatae, omba kulipa kidogo kidogo na muandikiane.

Ukishajua ni polisi au mlinzi, rudi utuambie.