Jibu: Vifaranga wa wiki 3 kuhamia banda la nje

Ndugu, umeuliza kama vifaranga wako wa wiki 3 wanaweza kulala banda la nje wakiwa na taa moja. Mchana wenye jua, watoe saa moja au mbili, wazoee. Usiku ningesubiri. Manyoya kamili huja karibu na wiki ya 6. Kabla ya hapo bado wana manyoya laini sehemu nyingi za mwili, na yakilowa hayawasaidii kitu.

Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Wako sasa wanataka kama 26. Lakini kipimajoto kisikufanye usiwatazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wakilia kwa sauti kali, wana baridi, na wa chini hukosa hewa wakafa. Wakiwa pembeni, midomo wazi, mabawa yameachana na mwili, inua taa. Wakitawanyika wakidonoa kimya kimya, hapo umepatia.

Kama huna budi kuwahamisha, ziba upepo usawa wa vifaranga, acha hewa ipite juu, tandaza maranda makavu. Taa ifunge kwa mnyororo, usitegemee waya wake; ikiangukia maranda, banda lote linateketea. Na tafadhali sana, jiko la mkaa usiliweke kwenye banda lililofungwa. Moshi wake usioonekana unaua, hata wewe ukiingia kuwaangalia.

Usiku wa kwanza amka uwachungulie.