Spana haiingii: maswali yenu kuhusu ringi na nipeli

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya magurudumu, na mengi yametoka kwa walionunua baiskeli za mtumba zilizokuja na ringi za mbio kutoka Ulaya. Nimeyafupisha tu.

Fundi, shikamoo. Nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba, ringi zake ni Mavic Ksyrium. Ya mbele inayumba kushoto kulia mpaka inagusa breki. Fundi wa mtaani amejaribu spana zake zote, hakuna inayoingia. Akataka kutumia plaizi, nikamkataza. Nimefanya sawa? (Msomaji, Maweni)

Marahaba. Umefanya sawasawa, na huyo fundi mnunulie soda kwa kukusikiliza. Nipeli ni kile kijikofia kinachoshika ncha ya spoki kwenye ringi na kuikaza. Ya kawaida ina mraba wa milimita 3.23 au 3.45 hivi, ndiyo maana ile spana ya mviringo yenye mapengo inatosha baiskeli nyingi za mjini. Mavic, ambao ni Wafaransa, walipotoa Ksyrium mwaka 1999 walishika njia yao wenyewe. Spoki ni bapa, na katika nyingi ya ringi hizo ni za aluminiamu. Nipeli ni kipipa kinene chenye meno pembeni, hakina mraba wowote. Kinashikwa na nyuzi kama za skrubu zilizochongwa kwenye ringi yenyewe, upande unaotazama habu, yaani kitovu cha gurudumu. Vua tairi utaona: upande wa juu ringi imezibwa, hakuna tundu la spoki hata moja, wala utepe wa kufunika matundu hauhitajiki.

Meno hayo ni ya aluminiamu. Plaizi ikiteleza mara moja yanalainika, na hapo hata spana sahihi haitashika tena. Spana yake ilitoka kiwandani pamoja na magurudumu, lakini mtumba hauji na boksi. Agiza: iko ya milimita 7 na ya milimita 9, na zipo zenye zote mbili, moja kila ncha. Peleka picha ya nipeli kwa muuzaji kabla hujalipa. Ikifika, spoki ishike kwa kishikio chake chenye upenyo mwembamba wakati unazungusha, maana spoki bapa hujisokota nawe ukadhani umekaza.

Nikikaza ringi inazidi kupinda. Nazungusha upande gani? (Kijana wa Barani)

Inaelekea unalegeza, mwanangu. Kwa nipeli za kawaida sheria ni moja: ukiitazama nipeli kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata akrabu ya saa. Shida ni kwamba wengi tunageuza baiskeli miguu juu, tunainama na kuitazama nipeli kutoka upande wa habu. Ukiitazama hivyo, kukaza ni kinyume cha saa. Usihesabu kushoto na kulia, jiulize kwanza jicho lako liko upande gani. (Baadhi ya magurudumu ya zamani ya Shimano yana nipeli kwenye habu badala ya kwenye ringi. Huko ukitazama kutoka upande wa tairi mambo yanageuka.)

Kwa kazi yenyewe huhitaji stendi. Funga kamba ngumu ya plastiki ya kubania (zip tie) kwenye foki, ikate ncha ibaki karibu kugusa ringi, kisha zungusha gurudumu taratibu. Panapogusa, sema upande wa kulia, ndipo ringi imeelemea kulia. Kaza spoki ya kushoto ya hapo robo mzunguko, legeza za kulia zilizo jirani chini ya robo. Zungusha tena, tazama. Robo, si mzunguko mzima. Kabla ya yote, gusa spoki zote kwa kucha usikilize. Ile inayolia mlio mzito kuliko wenzake wa upande uleule imelegea, na mara nyingi ndiyo mkorofi. Gurudumu la nyuma usilinganishe kulia na kushoto: za upande wa gia hukazwa zaidi, ndivyo linavyotakiwa.

Ninabeba madumu ya maji kwa baiskeli ya Black Mamba. Spoki za nyuma zinakatika kila mara, zote kwenye kona karibu na habu. Naambiwa zimekazwa mno, nizilegeze. (Mbeba maji, Kisumu Ndogo)

Kaka, usilegeze. Karibu kila ninayemuona na tatizo hili, spoki zake zimelegea. Kila tairi linapozunguka, spoki ya chini inapungua mvuto na ikipanda juu inarudi kuvutika. Iliyokazwa vizuri haifiki kulegea kabisa. Iliyo legelege inapinda na kunyooka pale kwenye kona maelfu ya mara kwa siku, mwisho chuma kinachoka. Mzigo wa madumu unaongeza, lakini haukuanzisha.

Mamba wa jadi ana spoki 40 nyuma na 32 mbele, na hiyo ndiyo rehema yake: ikikatika moja unafika nyumbani. Lakini zikishakatika tatu au nne za upande mmoja, zile zilizobaki zimechoka pamoja nazo. Badilisha za upande ule zote, weka tone la mafuta kwenye nyuzi, kaza kwa zamu ukizunguka ringi yote. Ukimaliza, kamata spoki mbilimbili zinazokwenda sambamba uzibane kwa kiganja kwa nguvu, gurudumu zima. Kona zitakaa kwenye habu na usumbufu utapungua. Kisha sawazisha tena kidogo.

Naishi Shella karibu na bahari na huendesha kwenye mchanga mgumu maji yakipwa. Nipeli zangu zimetoka unga mweupe na hazizunguki. (Mama wa mazoezi)

Mama, huo unga ni aluminiamu inayoliwa. Nipeli ya aluminiamu ikikutana na spoki ya chuma cha pua ndani ya maji ya chumvi, inayoliwa ni nipeli. Sisi huku wakati wa kusi hata baiskeli iliyofungiwa barazani inapata chumvi yake. Weka tone la mafuta mepesi pale spoki inapoingia, na jingine kwa ndani ukishavua tairi, uache usiku kucha. Jaribu kulegeza kidogo kabla ya kukaza. Zikikataa usishindane nazo, kata spoki uweke mpya. Safari ijayo dai nipeli za shaba nyeupe zilizopakwa nikeli. Uzito wake hutausikia, na kwa mji kama Malindi sioni sababu ya mtu kuweka aluminiamu isipokuwa anashindana.

Ukitoka ufukweni, mwagia maji baridi ya kawaida kwa kopo. Usipige habu kwa mpira wa presha, maji yatasukumwa kwenye golori.

Spoki moja ya Ksyrium imekatika. Naweza kuweka ya kawaida na nipeli ya kawaida? (Msomaji, Watamu)

Hapana. Nipeli ya kawaida hupenyezwa kutoka upande wa tairi, na ringi yako imezibwa upande huo. Unahitaji spoki ya Mavic ya urefu uleule na upande uleule, na kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Kwa gurudumu lenye spoki 18 au 20, usiendeshe huku unasubiri: ikikosekana moja ringi inayumba vibaya.

Ukiniuliza mimi, kwa matumizi ya kila siku ya kwenda Gede na kurudi, tafuta gurudumu la spoki 32 au 36 za kawaida ambazo fundi yeyote sokoni anazo kwenye kopo lake. Hizo za Kifaransa zitundike, uzitumie siku za mbio.

Magurudumu mapya yanalia "ting, ting" nikianza tu kuendesha. Ni mabaya? (Msomaji, Mambrui)

Spoki zilijisokota wakati wa kukazwa na sasa zinajirudi. Endesha kidogo, kisha sawazisha tena. Zikiendelea kulia wiki ya pili, angalia kama hakuna iliyolegea.